Msaada Ukishafika Parokiani ni Mali ya Nani?



Mgeni anayepanda kutoka Tunduma mwezi wa Februari na kuuona uwanda wa Ufipa kwa mara ya kwanza hawezi kuamini kwamba hapa kuna mtu mwenye njaa. Mahindi yamesimama pande zote za barabara, maharage yametanda juu ya ntumba, na ng'ombe wananenepa mabondeni. Sisi wenyeji tunajua kwamba hiyo ndiyo miezi migumu kuliko yote. Akiba ya mwaka uliopita imekwisha, mazao mapya bado ni mabichi, na kibarua ni cha shida. Ni katika miezi hiyo ambapo mwenyekiti wa jumuiya hugongewa mlango jioni na mama aliyejitanda kanga hadi machoni ili asitambuliwe na majirani, akiuliza kama parokia ina chochote.

Jambo hili latokea katika mkoa wa mahindi. Katika miaka ya 1980 Rukwa ulihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne iliyolilisha taifa. Basi njaa ya Ufipa aghalabu si njaa ya ardhi wala ya mvua. Ni njaa ya bei na ya madeni. Mkulima huuza mwezi wa Julai, wakati kila mtu anauza, kwa sababu ada ya shule haingoji na aliyemkopesha mbolea hangoji. Huuza kwa lumbesa, gunia lililovimba na kufungwa kilemba juu ya mdomo wake, kisha hulipwa bei ya gunia la kawaida. Ifikapo Februari mtu huyo huyo hununua mahindi kwa debe, kwa bei ya juu, au hukopa debe moja kwa ahadi ya kulipa madebe mawili wakati wa mavuno. Ruzuku ya mbolea ilipoondolewa hatua kwa hatua katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, na tena mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, ilionekana wazi jinsi familia iliyovuna vizuri inavyoweza kuwa maskini katikati ya magunia yake. Tukiongeza hapo maradhi, au kifo cha baba, au maji ya Ziwa Tanganyika yaliyopanda katika miaka ya 2020 na 2021 na kuzimeza nyumba za mwambao, hatuhitaji kuuliza kwa nini watu hubisha hodi.

Hapo ndipo yanapokuja mashirika ya hisani, mengine ya Kanisa na mengine ya watu wenye mapenzi mema. Huleta nafaka, mbegu, mabati, dawa, sare za shule. Tunayashukuru, wala hatusemi hivyo kwa adabu tu. Lakini katika toleo hili tunataka kuuliza swali ambalo katika vikao vyetu huzungukwa kwa heshima bila kuguswa: msaada ukishafika parokiani, ni mali ya nani?

Jibu letu ni kwamba ni mali ya maskini yule ambaye umetumwa kwake. Si mali tena ya mfadhili, kwa maana amekwisha kuutoa. Si mali ya paroko, wala ya Halmashauri ya Walei, wala ya kamati iliyoupokea stendi. Yeyote anayeushika njiani ni mdaiwa wa maskini mpaka atakapoufikisha. Fundisho hili si letu. Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano katika karne ya nne, aliwaambia matajiri wa wakati wake kwamba wanapompa maskini hawampi kilicho chao bali wanamrudishia kilicho chake. Na Papa Paulo wa Sita alilikumbusha Kanisa zima neno hilo katika waraka wake Populorum Progressio wa mwaka 1967, mwaka ule ule alioiunda Tume ya Kipapa ya Haki na Amani. Ndugu zetu Waislamu wa pwani wanalo wazo linalokaribiana na hilo katika wakfu: nyumba ikishawekwa wakfu kwa ajili ya yatima au ya msikiti, hata aliyeitoa hana ruhusa ya kuirudisha mfukoni mwake, na msimamizi ni mtunzaji tu. Tukilikubali neno hili, mengi katika mazoea yetu yatabidi yabadilike.

KAPU LIMEJAZWA NA NANI?

Wako wanaosema kwamba fedha za wafadhili hazina mwisho na kwamba mwenye kubeba asali hulamba vidole. Usemi huo umejengwa juu ya picha ya uongo, picha ya tajiri mmoja wa Ulaya anayechota gunia la fedha bila kuhesabu. Historia yasema mengine.

Mwaka 1822 katika mji wa Lyon, Ufaransa, lilianzishwa Shirika la Uenezaji wa Imani. Msingi wake uliwekwa na binti aliyeitwa Pauline Jaricot. Yeye aliwapanga wafanyakazi wa viwanda vya hariri katika makundi ya watu kumi kumi. Kila mmoja alisali na kutoa senti moja kwa juma, na mmoja wao akakusanya. Makundi kumi yakaunganika kuwa mia, na mamia yakaunganika kuwa elfu. Msomaji atatambua kwamba huu karibu ndio mpango wa jumuiya zetu ndogo ndogo. Wafanyakazi hao walikuwa maskini wa mji, wenye mshahara mdogo na saa nyingi za kazi, na senti zao ndizo zilizovuka bahari kuzilisha misioni. Kanisa lilimtangaza Pauline kuwa Mwenye Heri tarehe 22 Mei 2022, miaka 200 baada ya shirika lake kuanza.

Mfano ulio karibu nasi ni Daktari Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, akatekwa angali mtoto, akauzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika huko Algeria, nao wakampeleka kusomea utabibu katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 aliwasili Karema, ambayo leo iko mkoani Katavi, na akawatibu watu wa mwambao mpaka alipofariki dunia mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67 ya kazi, na jina lake limepewa hospitali ya Jimbo mjini Sumbawanga. Wamisionari waliomkomboa na kumsomesha waliishi kwa sadaka, na wengi wa waliotoa sadaka hizo hawakuijua Karema hata kwa jina. Wala hawakupata kumwona daktari huyo. Sasa tufikiri: kama mshika fedha mmoja katika bandari mojawapo njiani angejiambia kwamba sadaka hizo hazina mwenyewe, je, ni wagonjwa wangapi wa Karema wangelipia vidole vyake?

Mashirika tunayoyajua leo yamezaliwa kwa namna hiyo hiyo. Misereor ya Ujerumani ilianzishwa na maaskofu mwaka 1958, na hadi leo waamini huichangia wakati wa Kwaresima. CAFOD ya Uingereza iliundwa mwaka 1962, lakini mbegu yake ilipandwa mwaka 1960, pale akina mama Wakatoliki walipowaalika watu wa parokia zao wafunge siku moja, na fedha ya chakula walichojinyima wakaituma kusaidia zahanati ya mama na watoto katika kisiwa cha Dominika. WAWATA wangejiona nyumbani kabisa katika mkutano ule. Kwa hiyo anayepunguza debe katika gunia la msaada haibi kwa tajiri. Anamwibia mjane wa hapa, na pamoja naye mama wa parokia fulani ya mbali aliyelala na njaa kwa hiari siku ya Ijumaa.

ORODHA

Ugomvi wa kwanza kuhusu msaada ndani ya Kanisa haukuletwa na uhaba wa chakula. Uliletwa na orodha. Katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume tunasoma kwamba waamini wenye lugha ya Kiyunani walinung'unika kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Chakula kilikuwepo, wagawaji walikuwepo, na nia njema bila shaka ilikuwepo. Hata hivyo kundi moja la wajane lilirudi nyumbani mikono mitupu. Mitume hawakuwakemea walionung'unika kwamba wanaleta mafarakano. Waliukusanya umati wa wanafunzi, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Na mtu akiyatazama majina ya hao saba ataona kwamba yote ni ya Kiyunani. Yaani mgawo uliwekwa mikononi mwa watu wa upande ule uliokuwa ukisahauliwa.

Sasa tutazame kwetu. Mfadhili aliye mbali hawezi kumjua mhitaji wa Laela au wa Kirando, kwa hiyo huandika barua: tuleteeni majina ya kaya hamsini. Majina hayo huandikwa mezani, jioni moja, na mwenyekiti, katibu na labda katekista, kwa kuwa gari linaondoka kesho alfajiri. Katika jioni hiyo moja haki hutendeka au hupotea, na hakuna mkaguzi wa hesabu atakayeiona ikipotea, maana stakabadhi zote zitakuwa sawa. Magunia hamsini yatakuwa yamefika na sahihi hamsini zitakuwepo. Ni majina tu yatakayokuwa yamekosewa.

Nani husahauliwa? Kwanza ni yule asiyeonekana katika sala za jumuiya. Tumezoea kusema, hatumjui huyu, hahudhurii. Mara nyingi hahudhurii kwa sababu ya umaskini ule ule tunaotaka kuutibu: hana nguo ya kutokea, au anaona haya kwa kuwa hana mchango wa kutoa zamu yake inapofika. Kisha husahauliwa binti aliyezaa kabla ya ndoa, na mama anayeishi katika ndoa isiyobarikiwa, kana kwamba mtoto wake ananyonya maziwa yenye cheti. Husahauliwa familia inayodaiwa zaka. Hapa tuseme wazi kwamba zaka ni wajibu wa mwamini kwa Kanisa lake, lakini si tiketi ya kununulia unga wa maskini, na kiongozi anayefungua daftari la zaka ili apate orodha ya msaada amechanganya vitabu viwili ambavyo havipaswi kukaa meza moja.

Husahauliwa pia majirani wasio wa Kanisa letu, Wamoraviani, Waislamu, na wafugaji Wasukuma waliohamia Bonde la Rukwa, ambao wakati mwingine tunawahesabu kama wageni hata baada ya watoto wao kuzaliwa na kusoma hapa. Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani alisimulia habari za Msamaria, mtu wa dini nyingine na kabila jingine, na hakumwambia muulizaji aanze kwa kuuliza kadi ya ubatizo.

Na yuko mwingine ambaye jina lake halitamkwi kabisa mezani. Ni bibi kizee anayekaa peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi, ambaye kijiji kimekwisha kunong'ona kwamba ni mchawi. Mji wetu waitwa Sumbawanga, jina ambalo wenyeji hulifasiri kuwa wito wa kuutupa uchawi. Wengi wameutupa mkoba wa mganga. Ulimi bado hawajautupa. Kamati inayomwacha bibi huyo nje ya orodha kwa kuogopa maneno ya watu imeshiriki katika hukumu isiyo na shahidi wala hakimu. Tunaona kwamba jina lake lingefaa kuandikwa la kwanza, na gunia lake lipelekwe mchana, mbele ya watu, na mwenyekiti mwenyewe.

Serikali nayo imekutana na tatizo hili. Katika mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza mwaka 2012 chini ya TASAF, uliwekwa utaratibu wa kaya kutambuliwa katika mkutano wa kijiji. Manung'uniko hayakwisha, lakini angalau yalipata mahali pa kusemwa. Sisi tuna jumuiya, ambamo watu wanajuana kwa nyumba na kwa jina. Hatuna sababu ya kufanya vibaya zaidi. Orodha isomwe katika jumuiya kabla ya kutumwa, si baada ya magunia kufika. Anayetajiwa ndugu yake atoke nje kidogo wakati jina hilo linajadiliwa. Ndani ya kamati awemo mjane na awemo mtu mwenye ulemavu, wenye sauti na kura, si wa kupamba kumbukumbu za kikao. Lakini wapo wahitaji ambao kuwataja mbele ya watu ni kuwaumiza mara ya pili, hasa wanaosaidiwa kwa sababu ya maradhi. Hao isomwe idadi yao tu, na majina yabaki kwa watu wawili walioaminiwa.

DAFTARI

Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, katika sura ya nane ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, aliona ni lazima aeleze kwamba hatasafiri nao peke yake. Atafuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili mtu yeyote asipate la kuwalaumu kwa sababu ya fedha nyingi hivyo. Ikiwa Paulo, Mtume, alitaka mtu wa kumtazama mkononi, haieleweki kwa nini mhazini wa kigango aone kwamba ametukanwa anapoombwa daftari.

Wakulima wanamjua dumuzi, yule mdudu aliyeingia nchini miaka ya 1970 na wao wakampachika jina la lori, Scania. Ubaya wake ni kwamba gunzi huonekana zima kwa nje. Ukilibonyeza, ndani ni unga. Hesabu nyingine za misaada ni za namna hiyo. Kila kitu kimesainiwa, lakini ukibonyeza unakuta posho ya kikao, posho ya semina ya kujiandaa na kikao, na chai ya wageni, na kilichobaki ndicho kilichogawiwa. Hatusemi kwamba usafirishaji ufanyike bure. Dizeli ya kwenda Kasanga ina bei, na kijana anayepakua magunia anastahili ujira wake. Tunasema gharama hizo zitajwe kwa sauti, kwa tarakimu, Jumapili baada ya Misa, pamoja na idadi ya magunia yaliyopokelewa na yaliyotolewa. Mwamini asiyejua kusoma anayo haki ya kusikia sawa na anayejua kusoma.

Wafadhili nao wana deni lao. Anayewakusanya wajane juani kwa saa tatu ili wapigwe picha wakishika mfuko wenye nembo ya shirika hajawatendea kama wenye mali. Amewatendea kama tangazo. Mtoto mwenye njaa hapaswi kulipa unga wake kwa uso wake. Viongozi wa walei wanayo mamlaka ya kulisema hilo kwa upole kwa mgeni yeyote, na hatujasikia kwamba shirika lenye akili limeondoka kwa hasira kwa sababu ya kuambiwa hivyo.

MRADI UNAPOKWISHA

Karibu na sisi kuna mfano wa msaada uliojua mwisho wake. Wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 walipewa makazi wilayani Mpanda, kwanza Katumba na baadaye, mwaka 1978, Mishamo. Serikali ilitoa ardhi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilitoa fedha. Na TCRS, shirika la Walutheri lililoanza kazi nchini mwaka 1964, lilisimamia ujenzi wa makazi. Kila familia ilipata shamba, zana na mbegu, na chakula cha kuivusha mpaka ijitegemee. Kabla ya katikati ya miaka ya 1980 kupita, watu hao walikuwa wakijilisha na kuuza ziada. Aliyekwenda pale na jembe hakubaki pale milele akigawa unga.

Lakini mfano huu una upande wa pili ambao sisi wa Haki na Amani hatuwezi kuuruka. Watu walioweza kujilisha waliendelea kwa miaka mingi kuhitaji kibali ili watoke nje ya makazi yao. Uraia ulikuja baadaye sana. Zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa kuwa raia, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Jembe lilichukua msimu mmoja kufika. Haki ilichukua zaidi ya miaka 40. Hisani, hata ikiwa njema namna gani, haiwezi kufanya kazi ya sheria.

Jambo hilo hilo laonekana katika afya. Taasisi ya Benjamin William Mkapa, iliyozinduliwa mwaka 2006, iliajiri kwa mikataba waganga na wauguzi na kuwapeleka katika wilaya za pembezoni ambako watumishi walikuwa hawakai. Mtu aliyepata mganga kwa njia hiyo alipata uhai. Hata hivyo mkataba una mwisho, na mganga hubaki tu pale ambapo serikali imeandaa nafasi, mshahara na nyumba ya kumpokea. Kisha tuliliona jambo kubwa zaidi. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID likakoma kufanya kazi hiyo. Katika mikoa yetu ya kusini magharibi huduma kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI zimetegemea kwa miaka mingi fedha za nchi hiyo. Wagonjwa wetu waligundua kwamba sahihi iliyotiwa mezani Washington inaweza kufika mpaka kliniki ya kijiji kwa siku chache. Ile haikuwa hisani ya parokia fulani bali sera ya dola. Ndiyo sababu tunawaambia viongozi wetu wasiweke uhai wa mtu katika kapu moja tu.

Papa Pio wa Kumi na Moja, katika waraka wake wa mwaka 1931, alifundisha kanuni ya auni. Maana yake kwa maneno ya nyumbani ni hii: linalowezekana katika familia lisinyang'anywe na jumuiya, linalowezekana katika jumuiya lisinyang'anywe na parokia, na mkubwa aje kumwinua mdogo, si kumkalia. Tukiisoma kanuni hiyo kwa uaminifu, swali la kwanza mbele ya barua ya mfadhili si kwamba watatupa nini. Tuulize tunacho nini, na kimepungua wapi.

KAPU LETU WENYEWE

Tunacho. Tuchukue parokia yenye jumuiya 40, na katika kila jumuiya kaya 15 zilizovuna. Kila kaya ikitoa debe moja la mahindi mwezi wa Julai, hayo ni madebe 600, yaani magunia 100. Magunia 100 hayatamaliza umaskini wa parokia. Lakini yanaweza kuzivusha kaya nyingi zilizokwama Februari na Machi bila kukopa debe moja kwa mawili, na bila kuuza shamba la mahindi yakiwa bado mabichi. Yosefu aliishauri Misri vivyo hivyo, kuweka akiba katika miaka ya shibe, naye hakungoja msaada kutoka nchi nyingine.

Mahindi hayo yawe ya aina mbili. Sehemu moja itolewe bure kwa asiyeweza kurudisha: mgonjwa, mzee, yatima. Sehemu nyingine ikopeshwe kwa mwenye nguvu aliyekwama, debe kwa debe bila nyongeza, arudishe akivuna. Wataalamu watasema kwamba mfuko usio na riba hupungua. Ni kweli, utapungua kidogo kwa panya na kwa wasiorudisha, na utajazwa tena Julai. Mkopeshaji wa kijijini naye atalazimika kushusha masharti yake akiona watu wana mlango mwingine wa kubisha, na huenda hiyo ikawa faida kubwa kuliko mahindi yenyewe.

Tukiwa na kapu letu, hata mazungumzo na mashirika ya hisani hubadilika. Hatutawaambia tena waje watuokoe. Tutawaonyesha ghala letu, orodha yetu iliyosomwa na daftari letu, kisha tutawaomba watuongezee mbegu, dawa ya kuhifadhi nafaka, mizani ya kuondoa lumbesa, au mwanasheria wa kumtetea mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake. Misaada ya namna hiyo haihitaji kurudi kila mwaka kwa mlango ule ule.

Tunaziomba Halmashauri za Walei za parokia zote ziliweke jambo hili katika kikao cha kwanza baada ya Pasaka, ili kazi ianze kabla mahindi hayajakauka. Vigango visivyo na ghala vitumie chumba cha katekista au darasa lisilotumika, baada ya kukagua paa na sakafu. Mahindi yapimwe kwa kilo yanapoingia na yanapotoka, na kipimo kiandikwe siku hiyo hiyo, si kwa kumbukumbu. Mlango uwe na kufuli tatu. Ufunguo mmoja ukae kwa mhazini, wa pili kwa mwakilishi wa WAWATA, na wa tatu kwa mtu atakayechaguliwa na wanaopokea msaada wenyewe.